Dengue Haitoi Cheti

Jirani yangu Baba Asha ana neno moja analolirudia kila mashine ya kupuliza dawa ya mbu inapopita mtaani kwetu Kinondoni: "Mimi dengue nilishaimaliza." Aliugua mwaka 2014. Alilala siku sita, akanywa madafu, akakonda, akapona. Kwake hesabu imefungwa. Pipa lake la maji nyuma ya choo halina mfuniko, na ukimgusia habari hiyo anakucheka kwa upole, kama mtu mwenye risiti mfukoni anavyomcheka mgambo.

Ningemwacha na furaha yake kama angekuwa peke yake. Lakini neno hilo nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia kwenye foleni ya duka la dawa, na kuna siku nikalisikia kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Nilikuwa na homa, macho yanauma kwa ndani kila nikiyageuza. Nikatobolewa kidole, tone la damu likadondoshwa kwenye kile kikasha cha plastiki, tukasubiri. Ukatokea mstari mmoja mkavu kwenye herufi C, na mwingine kwenye herufi G. Mtaalamu akanionyesha kwa ncha ya kalamu. "Hii G ndiyo kinga yako, kaka. Ulishaumwa zamani. Dengue haikusumbui tena, nenda kapumzike." Nikalipa, nikaenda kupumzika.

Nilipona. Lakini nimekuja kujua kwamba usomaji ule wa kikasha ulikuwa karibu kinyume kabisa cha ukweli, na kwamba Baba Asha na yule wa koti jeupe wanasema jambo moja kwa maneno mawili: ukiwa na kingamwili, umekingwa. Ni jambo linaloeleweka na lina mantiki yake. Kwa dengue, si kweli.

Kwanza tuwatendee haki. Imani hii haikuokotwa jalalani. Sisi tumelelewa na magonjwa mawili yaliyotufundisha namna ya kufikiri juu ya kinga. La kwanza ni surua. Mtoto anaugua mara moja, na akipona, bibi hamhofii tena. La pili ni malaria. Mtoto wa miaka miwili malaria inaweza kumuua, ilhali babu yake mwenye vimelea vile vile ndani ya damu ameshika jembe yuko shambani. Mwili umezoea, tunasema, na kwa malaria ni kweli: anayeishi kwenye maambukizi ya mara kwa mara hujijengea kinga ya kiasi, ugonjwa ukawa mwepesi kadiri anavyokua. Kwa hiyo tuna kanuni mbili kichwani. Ama ugonjwa huja mara moja tu, ama kila ukirudi unarudi na nguvu pungufu. Dengue ilipoingia mijini kwetu kwa kishindo tukaipachika kanuni hizo hizo, kwa kuwa nayo ni homa, nayo inaletwa na mbu. Haifuati hata moja.

Virusi vya dengue viko vya aina nne. Vinafanana sura, lakini havifanani vya kutosha. Ukiugua aina ya 2, mwili wako unaikumbuka aina ya 2 kwa miaka mingi, pengine maisha yote, na hapo Baba Asha yuko sahihi. Zile tatu nyingine zinakukuta ukiwa na kinga ya muda tu. Daktari Albert Sabin, yule aliyekuja kusifika kwa chanjo ya polio ya matone, aliwaambukiza dengue watu waliojitolea nchini Marekani miaka ya 1940. Aliona kwamba aliyepona aina moja alilindwa dhidi ya aina nyingine kwa takribani miezi miwili. Miezi miwili! Baba Asha anaitegemea kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa tazama Dar es Salaam yenyewe. Mwaka 2010, msafiri aliyerudi Japani akitokea Tanzania alikutwa na aina ya 3. Mlipuko wa 2014, ule uliomlaza jirani yangu, ulikuwa wa aina ya 2. Ule mkubwa wa 2019, uliopita wagonjwa 6,000 waliothibitishwa, wengi wao wakiwa wa jiji hili, ulitawaliwa na aina ya 1. Kule Mombasa mwaka 2013 ziligundulika aina tatu katika mlipuko mmoja, na pwani ya Malindi ilishaonja aina ya 2 tangu 1982. Kwa hiyo mtu wa pwani anaposema "dengue nilishaimaliza", swali la kumrudishia ni moja: dengue ipi?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, nitaugua mara ya pili, nitakunywa madafu tena. Hapo ndipo ugomvi wangu halisi unapoanza. Ingekuwa kumbukumbu ya mwili imeshindwa tu kufanya kazi, ningekaa kimya. Tatizo ni kwamba inaweza kufanya kazi upande wa adui.

Kingamwili ni kiprotini chenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu humshika kirusi. Mkia wa chini ni wa kushikwa na seli walaji, zile zinazozunguka kwenye damu na kumeza uchafu. Mambo yakienda sawa, kirusi hushikwa pande zote hata kisiweze kuingia popote, kisha humezwa na kuyeyushwa. Sasa leta kirusi cha aina ya 1 mbele ya kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya aina ya 2. Baadhi zinamshika, lakini kwa kulegea, au ni chache mno kumfunga. Mkia wa nyuma hata hivyo uko pale pale, unapepea. Seli mlaji inauona mkia, inauvuta, inameza. Na seli hiyo ndiyo hasa nyumba ambayo kirusi cha dengue hupenda kuzaliana. Ni kama mlango wa ukumbi wa harusi hapa mjini: bila kadi huingii. Huyu kaja na kadi ya mtu mwingine, mlinzi hakusoma jina, kaona tu kwamba ni kadi, na mgeni kapelekwa moja kwa moja jikoni.

Jambo hili lilishukiwa tangu miaka ya 1960 kule Bangkok, na mtu aliyelipigania kwa miongo mingi ni Mmarekani Scott Halstead. Kwa muda mrefu wapo waliomwona kama mtu aliyependa mno nadharia yake. Kisha ikaja Kuba, na kisiwa hicho kikafanya, bila kukusudia, jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu.

Mwaka 1977 aina ya 1 iliingia Kuba na kuambukiza karibu nusu ya watu. Ugonjwa ulikuwa mwepesi. Mwaka 1981 ikaingia aina ya 2. Wagonjwa walipita 344,000, zaidi ya 10,000 walikuwa mahututi, wakafa 158, na kati yao 101 walikuwa watoto. Watoto wa mwaka mmoja na miwili, waliozaliwa baada ya aina ya 1 kupita, waliponyoka kwa kiasi kikubwa. Waliobebwa hospitalini wakiwa wamezimia ni waliokuwa na kumbukumbu ya mara ya kwanza. Kisha dengue ikafutika kisiwani. Mwaka 1997 aina ya 2 ikarudi katika mji mmoja, Santiago de Cuba. Wakafa 12, wote watu wazima. Watoto wa mji ule, ambao damu yao haikuwahi kuijua dengue, waliugua kidogo wakaendelea kucheza. Wazazi wao, waliokuwa wamebeba kumbukumbu ya 1977 kwa miaka 20, ndio waliozikwa. Na daktari María Guadalupe Guzmán na wenzake walipolinganisha, waliona kwamba pengo la miaka 20 lilileta ugonjwa mkali zaidi kuliko lile la miaka minne.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, Baba Asha, halafu uhesabu kutoka 2014.

Sababu ya pengo kuwa na uzito imekuja kuonekana vizuri Nikaragua. Watafiti waliwafuatilia maelfu ya watoto wa Managua kwa miaka 12, wakiwatoa damu kila mwaka. Watoto wenye kingamwili nyingi walilindwa. Wasio nazo kabisa waliugua ugonjwa wa kawaida. Waliokuwa katikati, wenye kiasi kidogo ambacho kipimo kingekiita "unazo", ndio waliokuwa katika hatari ya ugonjwa mkali zaidi ya mara saba. Kingamwili hazikai vilevile. Hushuka taratibu miaka ikipita, na njiani hupitia eneo hilo la katikati. Kwa hiyo jibu la "unazo" au "huna" halitoshi hata kidogo. Lazima uulize: ngapi, za aina gani, na tangu lini?

Kama bado unaona haya ni mambo ya Wakuba, mtazame mtoto mchanga. Mama aliyewahi kuugua dengue humpa mwanawe kingamwili kupitia kondo la nyuma. Miezi ya mwanzo zinamlinda. Zikishuka, kuanzia kama mwezi wa sita hivi, mtoto ambaye hajawahi kuumwa na mbu mwenye dengue hata mara moja anaweza kupata ugonjwa mkali katika maambukizi yake ya kwanza kabisa. Kingamwili hizo ni za mama yake. Zikiisha kabisa, mwaka ukipita, hatari nayo hupungua. Madaktari wa Thailand waliliona hili kwa watoto wao, na sijui ushahidi gani wa wazi kuliko huo.

Ajabu ni kwamba wafugaji wa nyanda za Kenya wanaujua upande wa pili wa hadithi hii hii bila kusoma jarida lolote. Kuna ugonjwa uitwao ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ulioanza kuchunguzwa mwaka 1910 karibu na mji huo. Kirusi chake hubebwa na kupe wa kahawia, yule apendaye kujificha kwenye sikio la mnyama. Leta kondoo mgeni kutoka eneo lisilo na kupe huyo, na kundi zima linaweza kuteketea. Kondoo wa pale pale hutembea kati ya kupe bila wasiwasi. Mwanakondoo hunyonya dang'a, anapata kingamwili za mama, anaumwa na kupe akiwa bado analindwa, na mwili wake unajifunza pole pole chini ya mwavuli huo. Kwa kondoo, kingamwili ya mama ni baraka tupu, kwa sababu kirusi anachokutana nacho ni kile kile alichokijua mama yake. Kwa mtoto wa Bangkok, kingamwili ya mama ni baraka hadi inapopungua, kisha inakuwa balaa. Anayetaka kanuni moja ya "kinga ya homa za wadudu" aanze kwa kunieleza tofauti hiyo.

Hakuna kanuni moja. Homa ya manjano ni ndugu wa karibu wa dengue, inaenezwa na mbu yule yule mwenye madoa meupe, lakini kumbukumbu yake ni ya chuma. Mwaka 1855 iliupiga mji wa Norfolk huko Virginia, Marekani. Miaka 75 baadaye wazee walionusurika walipimwa, wakakutwa bado wana kingamwili za kukizima kirusi. Kingamwili moja haiishi miaka 75, kwa kawaida nusu yake hutoweka kwa wiki tatu. Kilichokuwa hai ni viwanda: seli zilizohamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa huko zikitengeneza kingamwili ile ile siku baada ya siku tangu ujana wa mtu hadi uzee wake. Ndiyo maana kile kijitabu cha njano cha chanjo, tulichokuwa tukikipeleka kugongwa upya kila baada ya miaka 10, tangu Julai 2016 kinatambuliwa kimataifa kwa maisha yote. Homa ya manjano inatoa cheti. Chikungunya, iliyopata jina lake kwa Wamakonde katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 upande wa Newala, nayo huacha kinga ya kudumu kadiri inavyojulikana. Dengue haitoi.

Sasa nigeukie hoja tatu ninazorushiwa kila nikilisema hili barazani.

Ya kwanza: "Sisi Waafrika damu yetu ina nguvu, dengue kali ni ya Wahindi na Walatini." Hoja hii siidharau, maana ina punje ya ukweli. Kule Kuba watu wenye asili ya Afrika waliugua dengue kali kwa uchache kuliko weupe, na Haiti, ambako aina kadhaa zilizunguka kwa pamoja, haikuona wagonjwa mahututi kwa kiwango kilichotarajiwa. Inaonekana kuna kitu katika urithi wetu. Lakini kupungua kwa hatari si kukosekana kwake. Dar es Salaam ilizika watu 2014, na ikazika tena 2019. Tena kwetu homa nyingi huitwa malaria au taifodi hata kabla ya kupimwa, na asiyehesabiwa haonekani kwenye takwimu za waliougua vikali.

Ya pili naiona kila siku kwenye simu: "Ongeza kinga." Tangawizi, vitunguu saumu, limau, maji ya majani ya mpapai, yote yapigwe kwenye blenda. Kunywa, havikatazwi. Ila elewa kwamba dengue kali haitokani na kinga iliyolala. Hutokana mara nyingi na kinga iliyoamka kwa ghadhabu dhidi ya virusi iliyovikaribisha yenyewe, hadi mishipa midogo ya damu inaanza kuvujisha maji. Ndiyo sababu huwapata vijana wenye afya. Na huja wakati wa hila: homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mgonjwa anapoambiwa hongera. Tumbo likiuma sana saa hizo, akitapika bila kukoma, fizi zikitoa damu, akilegea au akikosa utulivu, apelekwe hospitali usiku ule ule. Akipewa maji ya kutosha kwa uangalizi mzuri, wanaokufa hawafiki mmoja kwa mia. Na kabla ya hapo asipewe aspirini wala diklofenaki kwa sababu mwili unauma, kwani zinaongeza hatari ya kutoka damu. Panadol inatosha.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi, maana huja kutoka kwa watu wanaonipongeza. "Umeona? Kinga inadhuru. Basi chanjo zote ni sumu." Hapana, na tafadhali msinibebeshe mzigo huo. Ni kweli chanjo ya kwanza ya dengue, Dengvaxia, iliingia katika mtego huu huu. Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa shule Aprili 2016, ikafikisha watoto zaidi ya 800,000. Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kwamba kwa mtoto asiyewahi kuugua dengue, chanjo hiyo inaweza kuongeza hatari ya ugonjwa mkali baadaye. Ilikuwa imecheza nafasi ya maambukizi ya kwanza. Kosa lilikuwa kubwa, na hasira ya wazazi ilikuwa halali. Lakini hasira ile ikamwagika hadi kwenye chanjo ya surua, ambayo haina mtego wa namna hiyo hata kidogo, na mwaka 2019 surua ikaua mamia ya watoto Ufilipino. Waliokuwa wakisema "chanjo ni chanjo" na Baba Asha anayesema "kinga ni kinga" wametoka tumbo moja. Wote wamekataa kuuliza: dhidi ya nini?

Nirudi kwenye kikasha changu. Ule mstari wa G nilioonyeshwa kwa ncha ya kalamu huhesabu kingamwili za muda mrefu, zinazoitwa IgG. Katika maambukizi ya kwanza ya dengue huchelewa, hutanguliwa na kingamwili za mstari wa M. Katika maambukizi ya pili hupanda mapema na kwa wingi, kwa sababu kumbukumbu tayari ipo, na mara nyingine M haionekani kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye homa kali, macho yanayouma, na mstari wa G uliokolea anaweza kuwa ndiyo kwanza yumo ndani ya dengue ya pili. Mstari huo unaweza pia kutokana na ndugu wengine wa ukoo, hata na chanjo ya homa ya manjano, maana kingamwili hizi hushikana na binamu za kirusi. Yaani mambo mawili yangeweza kusemwa juu ya kikasha kile: kwamba hakitoshi kuamua, au kwamba mgonjwa huyu aangaliwe kwa karibu siku tatu zijazo. Nikaambiwa la tatu.

Simlaumu sana. Tumemfundisha sisi, kwa neno letu lenyewe. Tulipotafsiri tukakiita kiprotini kile kingamwili, jina likatangulia kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Nani atakiogopa kitu kiitwacho kinga?

Usikose usingizi pia. Wengi wanaougua dengue mara ya pili hupona nyumbani, na waliokwisha kupitia mbili huwa nadra kupata ugonjwa mkali kwa ya tatu. Ninachopinga ni ile risiti ya kubuni mfukoni, inayomfanya mtu aache pipa wazi, na kibaya zaidi, inayomfanya amfukuze daktari kwenye njia sahihi kwa kusema, "Haiwezi kuwa dengue, nilishaumwa."

Ukipata homa msimu wa mvua ujao, geuza sentensi hiyo. Sema: "Daktari, nilishaumwa dengue, na ilikuwa mwaka fulani." Mtajie mwaka.